Risala ya Kikundi cha Gitaa kwa Mgeni Rasmi, Jioni ya Joaquín Rodrigo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Walimu, wazazi na wageni waalikwa,
Wanafunzi wenzetu,

Asalaam aleikum! Tumsifu Yesu Kristo!

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi. Jioni hii tumemtengea Joaquín Rodrigo, mtunzi wa Hispania, aliyezaliwa tarehe 22 Novemba, 1901, mjini Sagunto, jirani na Valencia. Siku hiyo Wakatoliki humkumbuka Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Wanakwaya mliomo humu mmeshacheka.

Akiwa na miaka mitatu alishikwa na dondakoo. Alipona, ila macho yakapotea. Alisoma muziki kwa nukta nundu, na mwaka 1927 akaenda Paris kujifunza utunzi kwa Paul Dukas. Mwaka 1933 alimwoa Victoria Kamhi, mpiga piano mzaliwa wa Istanbul.

Mheshimiwa, tuvumilie kidogo hapa, maana ndipo alipotugusa. Rodrigo alitoboa noti zake kwa mashine ya nukta nundu. Kisha alikaa na mwandishi akamtajia noti moja moja: ni ya chombo gani, iko juu au chini, inavutwa kiasi gani. Mwandishi akaziandika kwa noti za kawaida ili wapigaji waweze kuzisoma. Okestra nzima, kwa mdomo!

Hivyo ndivyo ulivyopatikana *Concierto de Aranjuez*, utunzi wa gitaa na okestra wenye jina la Aranjuez, mji ulio karibu na Madrid, alioumaliza Paris mwaka 1939. Ulipigwa mara ya kwanza Barcelona, tarehe 9 Novemba, 1940, gitaa likiwa mikononi mwa Regino Sainz de la Maza. Wengi wetu tuliusikia simuni kabla ya kujua ni wa nani.

La ajabu ni kwamba Rodrigo hakuwa mpiga gitaa; chombo chake kilikuwa piano. Na gitaa lina sauti ndogo: violini chache zikikaza upinde, halisikiki tena. Yeye akaipunguza okestra kila gitaa linapotaka kusema. Sehemu ya pili inaanza kwa gitaa kucharazwa taratibu, nalo zumari la sauti nzito linabeba wimbo. Baadaye gitaa linaupokea, likiupamba kwa namna yake. Victoria alikuja kuandika kwamba mna kumbukumbu za fungate lao pale Aranjuez, na pia huzuni ya mimba iliyoharibika. Sisi tuliisikia huzuni kabla ya kuambiwa.

Mwaka 1954 Rodrigo alimtungia Andrés Segovia, mpiga gitaa mashuhuri wa Hispania, kazi nyingine kubwa ya gitaa na okestra. Mwaka 1991 mfalme wa Hispania akampa cheo cha kikabaila, umarkizi wa Bustani za Aranjuez. Alifariki Madrid mwaka 1999, akazikwa Aranjuez alikolala mkewe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kikundi chetu kina wapiga gitaa tisa, watatu hawaoni. Gitaa linataka mikono yote miwili, kwa hiyo asiyeona hawezi kusoma huku anapiga. Hupapasa mstari kwa kidole, akaukariri, ndipo arudi kwenye nyuzi. Mwenzetu wa kidato cha tatu amepapasa ukurasa wake wa kwanza mpaka nukta zimelala. Sasa hausomeki, bahati nzuri ameshaushika kichwani.

Ombi letu ni karatasi nene za nukta nundu, seti za nyuzi za nailoni, na fundi wa kutazama mashine yetu moja, ambayo kitufe chake kinakwama. Mashine mpya hatukatai.

Mwenzetu huyo sasa atapiga sehemu ya pili, gitaa peke yake, bila okestra. Tunaomba makofi yasubiri: kuna mahali gitaa linanyamaza, wengi hudhani limekwisha. Bado.

Tunaomba kuwasilisha.