YAH: SABUFA MBILI NILIZOLIPIA NA SANDUKU MOJA MLILONILETEA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakusalimu kwanza kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, si kwa sababu moyo unataka.

Profoma yenu iko mezani mbele yangu. Imeandikwa kwa mkono wa kijana wenu wa mauzo na mhuri wenu umekaa juu yake: sabufa mbili, yaani spika za besi, inchi 12 kila moja, wati 500 za RMS (nguvu halisi ya mfululizo) kila moja, jumla shilingi 3,400,000. Nimelipa zote kwa mkupuo. Kilichoshushwa na kirikuu getini kwangu ni sanduku moja la inchi 10. Nilipompigia kijana wenu akaniambia, "Mama usiwe na wasiwasi, hiyo moja ina nguvu ya mbili."

Ndugu Meneja, moja haina nguvu ya mbili.

Sera zenu mnazijua, na kibao cha "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" nimekisoma. Hakisemi chochote kuhusu bidhaa ambayo haikuuzwa lakini ikaletwa. Barua yangu ya kwanza, ile mnayosema haikuwafikia ingawa binti wa mapokezi aliisaini mbele yangu, iliomba kitu kimoja tu: chukueni hilo, leteni yale mawili. Ningebaki kwenye ombi hilo hilo kama si ile Jumamosi niliyokuja dukani mwenyewe.

Nilisimama kaunta na profoma mkononi, nikaeleza. Kijana hakuitazama karatasi. Alitazama nyuma ya bega langu, kama anayetafuta mtu niliyekuja naye, kisha akasema kwa sauti ya kusikika duka zima: "Mama, mambo ya besi ni ya wanaume. Kamlete mzee nyumbani tuongee naye." Watu wakacheka.

Mzee nimemzika 2019, makaburi ya Kinondoni. Chumba cha muziki nilichokiagizia sabufa hizo alikiacha kikiwa kuta bila bati, mimi nikakimalizia, na santuri zilizomo ni zake, za bendi za NUTA Jazz na Mlimani Park, tangu tukiwa wachumba. Na mimi nimefundisha fizikia sekondari kwa miaka 31. Mada ya mawimbi nimeifundisha kwa chaki, kwa kamba ya kuanikia nguo na kwa beseni la maji, hata kwa wavulana ambao leo ni wahandisi.

Basi tuongee habari za besi, maana mzee hayupo.

Chumba kina urefu wa mita 9, upana wa 6.5 na kimo cha 3.2. Zidisha upate mita za ujazo 187. Kijana wenu alipokuja kupima nilimpa futi kamba, akasema haina haja, akapima kwa hatua za miguu huku akiongea na simu. Sabufa haimtumikii mtu aliyeketi kwenye kochi peke yake, inasukuma hewa ya chumba kizima. Kwa joto letu la Dar sauti inakwenda karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, lina urefu wa zaidi ya mita 17, karibu mara mbili ya chumba changu. Likigonga ukuta likarudi, kuna mahali linajirundika na mahali linajifuta. Mtu wa kiti hiki anasikia besi inamkandamiza kifua, wa kiti cha pili anauliza kama umeme umekatika. Ndiyo sababu niliagiza mbili, moja katikati ya ukuta wa mbele na nyingine katikati ya ukuta wa nyuma. Zikisukuma kwa pamoja kutoka pande zote mbili, lile wimbi refu linalotaka kuyumba ukuta hadi ukuta halipati pa kuanzia. Hayo nilimweleza kijana wenu siku ile ya kupima. Akaitikia "sawa mama, sawa mama" mara tano.

Hata hivyo nilijaribu kuwatendea haki. Nililiweka sanduku lenu juu ya kiti changu cha kusikilizia, nikapiga santuri, kisha nikatambaa kwa magoti kuzunguka chumba kutafuta mahali ambapo besi inasikika sawasawa, kwa sababu mahali hapo ndipo linapopaswa kuwekwa. Miaka 62, natambaa kwenye vigae, mjukuu anacheka mlangoni. Nilipapata, pembeni ya kabati la santuri. Nikalihamisha na fundi. Halikusaidia, kwa sababu kubadilisha mahali hakuwezi kuongeza nguvu isiyokuwepo.

Kisha nikalipigisha milio ya kupimia kutoka kwenye simu. Hezi 80, sawa. Hezi 60, sawa. Hezi 50, likaanza kunyong'onyea. Waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatoa hezi 41, na hapo lile tundu la nyuma halikutoa muziki tena, lilitoa upepo, fuu, fuu, kama mtu anayepuliza mkaa uliolowa. Koni, ule uso wa spika unaosukuma hewa, ikawa inacheza mbele na nyuma hadi nikaogopa itachomoka. Kwa maneno mengine, mnataka nisikilize dansi bila mpiga besi.

Kwenye kasha lake mmejivunia wati 12,000 PMPO, ile namba ya kinadharia ya kupambia kasha. Geuzeni nyuma msome kibati: linakula wati 120 kutoka kwenye soketi. Linaingiza 120 na kutoa 12,000? Kama mna chombo cha namna hiyo acheni biashara ya muziki, nendeni mkawauzie TANESCO.

Najua mtaani neno sabufa limekuwa jina la seti nzima, spika ndogo tano na sanduku lake, na kwa sebule ya mita nne inatosha kabisa kwa taarabu na taarifa ya habari. Sina ugomvi nayo, hata dada yangu anayo. Lakini mimi sikuagiza seti ya sebuleni. Spika kubwa ninazo. Niliagiza besi ya chumba kikubwa, nikalipa bei ya besi ya chumba kikubwa.

Narudi kaunta, maana kuna jambo nililiruka hapo juu, na nililiruka kwa aibu. Kijana aliposema "kamlete mzee," msimamizi wa tawi alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu nyuma ya kaunta, anakula chipsi mayai kwenye mfuko wa plastiki, na kijiti cha meno bado kimechomwa kwenye yai. Nilimtazama nikijua ataingilia, ni mtu mzima, ana mvi. Akacheka na chakula mdomoni, akasema, "Bi mkubwa, besi nyingi itakupasua moyo bure." Kijana akaongeza sauti ya seti moja ya maonyesho mpaka mwisho, vioo vya kabati vikawa vinatetema, akaniuliza, "Unasikia mama? Au masikio ndiyo yameanza kuchoka?" Kulikuwa na mama mmoja na mtoto wake wa kiume, umri wa darasa la nne hivi. Mtoto ndiye pekee ambaye hakucheka, alinitazama usoni. Na mimi, ambaye nimewanyamazisha wanafunzi 60 kwa kukohoa tu, nilisema "asante," nikakunja profoma nikaiweka kwenye mkoba, nikatoka. Niliwashukuru, Ndugu Meneja. Nimefika Mwenge ndani ya daladala ndipo nikajisikia nilichosema.

Tangu nianze kuandika hii nimenyanyuka mara mbili kunywa maji.

Kuhusu fundi: huyo alikuja kabla ya ile Jumamosi, si baada. Nilimlipa 60,000 kwa ajili ya mngurumo wa hezi 50 ambao sanduku lenu lilikuwa linautoa hata bila santuri. Mafundi wenu kwenye simu walisema tatizo ni nyumba yangu haina ethi, ule waya wa umeme unaokwenda ardhini. Akapima, ethi ipo na ni nzima. Mngurumo ukakoma pale alipobadilisha waya wa kuingizia sauti mlionipa bure ndani ya kasha, mwembamba kama utambi wa kibatari. Risiti yake ninayo. Yenu, kwa bahati mbaya, ni ya kuandikwa kwa mkono, kwa sababu siku ile "mashine ya EFD," ile ya risiti za kodi, "haina mtandao." Nilivumilia hilo pia.

Nilikuwa nimekusudia kuomba mnibadilishie tu. Siombi tena kubadilishiwa, kwa sababu sitaki kitu chochote chenye nembo yenu kikae karibu na santuri za marehemu. Nataka shilingi 3,400,000 zangu zote. Nataka 60,000 za fundi. Nataka na 45,000 za kirikuu, ambazo mlinitoza getini wakati profoma inasema usafiri ni bure. Ndiyo kwanza nimeliona hilo sasa hivi, liko mstari wa mwisho.

Na nataka kuombwa radhi. Si kwa ujumbe wa simu. Nitakuja dukani Jumamosi, saa tano asubuhi kama ile siku, na kijana pamoja na msimamizi wake wasimame upande wa mbele wa kaunta, siyo nyuma, waseme mbele ya wateja watakaokuwepo.

Nilitaka kuwapa siku 14. Nawapa siku saba kuanzia leo mnapoisaini barua hii, na safari hii nimekuja na nakala ya kugongewa mhuri. Siku ya nane nitakuwa Tume ya Ushindani, FCC, na profoma, picha ya kasha na picha ya kibati cha nyuma, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji na hakuna upotoshaji mnene kuliko huo wa wati 12,000. Nikitoka hapo nitapita TRA na ile risiti ya mkono. Sikuwa na nia ya kuitaja TRA nilipoanza kuandika.

Sanduku lenu nimelifunika kwa kanga, liko barazani, halijachubuka popote. Mnaweza kulifuata baada ya fedha kuingia. Mje mchana na mpige hodi getini kwanza, kuna mbwa.

Mteja wenu,
Mwalimu mstaafu wa fizikia, Mbezi