Homa ilishuka, pumzi ikakata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Julai 2021, wimbi la tatu la Uviko-19 lilinikuta nyumbani Tandika. Siku ya kwanza mpaka ya saba homa na kikohozi, nikajifukiza nyungu ya mchaichai na mwarobaini kama kila mtu mtaani. Siku ya nane homa ikashuka, nikaanza kujisifu nimepona.

Mke wangu ndiye aliyeshtuka. Nilikuwa namsimulia jambo, akaona nakatiza maneno katikati kutafuta pumzi. Kwenda chooni, hatua kumi tu, nikarudi nimeshika ukuta. “Baba watoto, mbona midomo imekuwa ya zambarau?” Nikabisha, maana kifua hakikuniuma hata kidogo.

Hospitalini nesi alinibana kidoleni kile kidude cha kupima oksijeni. Kikasoma asilimia 82. Mtu mzima mwenye afya huwa 95 kwenda juu. Nililazwa siku 11 kwenye oksijeni, muda mwingi nikilala kifudifudi.

Oksijeni inaweza kushuka kimyakimya, mara nyingi wiki ya pili, mgonjwa anapodhani ameshavuka. Anayehema haraka hali amekaa, anayechanganyikiwa, anayebanwa kifua bila kuachiwa, au anayebadilika rangi ya midomo, akimbizwe hospitali. Nyungu itamsubiri.

Na zahanati zetu je? Ile niliyopitia siku ya sita haikuwa na hicho kidude. Nilipewa Panadol, nikaambiwa nikapumzike.

Msomaji wako,
Tandika, Dar es Salaam