Risala ya Komite ya Wazazi na Walimu kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Wazazi, Katuba, Lubumbashi

Mgeni wa heshima, Mama Inspekta; Baba Direkta; walimu wetu; wakubwa wa kartye, yaani wa mtaa; wazazi wenzetu; na ninyi watoto mliokaa chini ya miembe kwa kuwa viti havikutosha: jambo sana, na karibuni.

Risala hii ni ya komite ya wazazi pamoja na walimu. Hatutahesabu shida zote za shule, maana Mama Inspekta anazijua, na mlango wa darasa la nne ameuona mwenyewe akipita. Tumechagua jambo moja: namna shule ya serikali inavyoweza kumrudisha mzazi kwenye elimu ya mtoto wake. Tunasema kumrudisha kwa sababu zamani alikuwa anafika. Alikuwa anafika kulipa.

Tangu miaka ya 1990, mshahara wa mwalimu ulipoanguka, wazazi ndio waliobeba primu yake, yaani nyongeza ya mshahara. Mtoto alirudishwa nyumbani akaitafute pesa, mama akaacha meza yake sokoni akaja mbio. Kisha Septemba 2019 serikali ikaanza kutekeleza shule ya msingi ya bure, jambo lililokuwa limeandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba ya Kongo ya 2006. Madarasa yakajaa. Lakini kamba iliyokuwa inamvuta mzazi hadi shuleni ikakatika, na hakuna aliyefunga nyingine. Wapo waliosikia neno bure wakadhani mtoto sasa ni wa serikali, yeye na kaye zake, yaani madaftari, na yunifomu yake ya bluu na nyeupe. Walio wengi hawakukataa kuja. Hawakuambiwa waje kufanya nini.

Kwa hiyo tunaanzia hapa: mzazi aitwe kwa ajili ya kaye, asiitwe kwa ajili ya mfuko. Kukiwa na jambo la pesa litafutiwe siku yake, na walimu wa darasa wasiliguse. Mkutano wa darasa ukitaja mchango hata mara moja, mkutano unaofuata utakuwa na viti vitupu, na itachukua mwaka kuvijaza tena.

Mkutano mkuu wa wazazi wote una kazi yake, nayo ni kuchagua komite na kusikia hesabu. Haufai kuzungumzia kujifunza kwa mtoto. Watu mia nne juani, hotuba ya saa nzima kwa Kifaransa, mama wa nyuma anatazama jua linavyoteremka na makaa yake hayajauzwa. Mambo ya kujifunza yazungumzwe darasa kwa darasa, mzazi na mwalimu wakiwa meza moja. Hesabu yake ni rahisi. Darasa la watoto 60, ukimpa kila mzazi dakika tano, ni saa tano kamili. Hakuna mwalimu atakayeziweza baada ya kufundisha. Ligawe katika makundi manne ya wazazi 15. Kila wiki kundi moja, dakika 75, na ndani ya mwezi darasa zima limepita. Wakati mzuri ni mwisho wa periodi ya kwanza, yaani kipindi cha kwanza cha masomo, kabla ya mitihani ya Desemba, mambo yakiwa bado yanatengenezeka. Mzazi anayeitwa siku ya kutoa buletini, ile karatasi ya matokeo, anaitwa mazishini.

Saa isichaguliwe ofisini. Jumamosi ni siku kubwa ya biashara, Jumapili ni ya kanisa, na asubuhi mama ameondoka kabla hakujapambazuka kwenda kuchukua bidhaa. Siku ya kuandikisha mtoto, Septemba, karatasi yake iwe na swali moja la ziada: wewe unaweza kufika lini? Iandikwe siku na saa, kisha makundi yapangwe kwa majibu hayo. Na liandikwe jina la mtu anayelala nyumba moja na mtoto. Baba yuko kwenye machimbo upande wa Kolwezi, mama yuko njiani Kasumbalesa, mpakani. Anayemwamsha mtoto ni nyanya au dada mkubwa. Huyo ndiye wa kuitwa, naye akija asiulizwe kwa nini wazazi hawakuja.

Zile dakika tano zina mpango. Ya kwanza ni ya salamu, na mwalimu akae upande uleule wa meza na mzazi, kaye ikiwa katikati. Tatu ni za kufungua kaye. Ya mwisho ni ya kupatana jambo moja, moja tu, la kufanya nyumbani. Mwalimu aanze na kitu ambacho mtoto amekiweza. Akianza na makosa, mzazi anasikia kwamba yeye ndiye anayehukumiwa, na jioni mtoto atapigwa. Hapo tumepoteza wawili.

Mama Inspekta, mezani mbele yako kuna kaye tatu zisizo na majina. Tunaomba ufungue ile ya juu, ya hesabu, ukurasa uliokunjwa pembeni. Utaona 402 kutoa 178, na mtoto ameandika 376. Mwalimu ameweka alama nyekundu, basi. Mzazi akiitazama alama hiyo anaona mtoto mjinga. Lakini kosa hilo lina njia yake: kila safu mtoto ametoa namba ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Nane akatoa mbili, sita. Saba akatoa sifuri, saba. Nne akatoa moja, tatu. Hajui kukopa kwenye safu ya jirani. Jibu ni 224. Mwalimu akimwonyesha mama jambo hilo, mama anacheka, kwa sababu yeye hukopa hivyo kutwa nzima. Mteja amenunua tomati za franka 1,700, ametoa noti ya 5,000: noti hiyo inavunjwa kwanza, ndipo chenji inapatikana, 3,300. Basi jambo la kupatana ni hili: kila jioni, wakati bukari, yaani ugali, inasongwa, mtoto ahesabu chenji tatu kwa mdomo na aseme alivunja noti gani. Ni dakika kumi, hazihitaji kaye wala taa wala Kifaransa.

Hapo ndipo penye mzizi wa mambo, kwa maoni yetu. Wazazi wengi wanajificha kwa kuwa hawakusoma, au walisoma kidogo, au Kifaransa kinawapiga chenga. Shule ikimwambia mzazi wa namna hiyo "msaidie mtoto kazi za nyumbani", imemfukuza kwa adabu. Apewe kazi anayoiweza. Asiyejua kusoma anaweza kuangalia kama kaye ina ukurasa mpya leo, kama kalamu nyekundu ya mwalimu imepita, kama kosa la jana limeandikwa upya chini yake. Anaweza kumwambia mtoto, "Nielezee kwa Kiswahili ulichojifunza leo," na akisikia mtoto anakwama, hapo hapo ndipo pa kumuuliza mwalimu. Mtoto anayeweza kueleza somo kwa lugha ya nyumbani amelielewa. Anayeimba sentensi ya Kifaransa bila kujua maana yake bado.

Sasa fungua kaye ya pili. Sahihi za mzazi zimejaa, kila wiki moja. Zitazame vizuri: kalamu ni moja, wino ni mmoja, mkono haujatetemeka. Zimepigwa zote siku moja, pengine na kaka yake wa darasa la sita. Sahihi bila mazungumzo ndiyo mwisho wake. Dawa ni mbili. Siku ya kuandikisha, sahihi au alama ya kidole gumba ya mlezi ihifadhiwe kwenye karatasi ya mtoto ili ilinganishwe. Na badala ya sahihi tupu, mwalimu aache swali dogo la kujibiwa: "Mtoto alisoma kwa sauti? Ndiyo au hapana." Alama ya kalamu inatosha.

Kuhusu kumfikia mzazi, barua rasmi yenye muhuri inatisha. Mama akiiona anadhani mtoto amevunja dirisha. Tena barua hulala mfukoni mwa kaptula hadi ifuliwe. Ujumbe wa sauti kwa Kiswahili, usiozidi dakika moja, utumwe jioni baada ya soko kufungwa, na useme kwanza kwamba hakuna ubaya. Kila mtoto awe na namba mbili, zithibitishwe kila trimesta, yaani kila muhula, kwa sababu namba zinabadilika kama mvua ya Novemba. Makundi makubwa ya WhatsApp hatuyapendekezi. Baada ya siku tatu ni maombi, video na matangazo ya nguo, na ujumbe wa mwalimu umezama. Kwa asiye na simu, kila avenyu, yaani kila barabara ya mtaa, ichague mzazi mmoja wa kupiga hodi. Huyo huyo ndiye atumwe mtoto akikosa siku mbili mfululizo bila habari. Siku mbili, si wiki mbili: baada ya wiki mbili mtoto ameshazoea kusukuma mkokoteni.

Komite nayo iangaliwe. Inaharibika kwa njia inayojulikana: rais wa komite ni rafiki wa ofisi, watoto wake walishamaliza zamani, na bado anatia sahihi. Rais huyo awe na mtoto darasani mwaka huu, na muda wake uwe na mwisho. Pesa za uendeshaji zinazofika shuleni ziandikwe kwenye ubao unaoonekana mlangoni, kwa namba kubwa: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki. Na njia ya malalamiko iandikwe pembeni yake, kwanza mwalimu, kisha direkta, kisha komite, kisha juu. Shule za serikali zilizo mikononi mwa makanisa tangu mkataba wa 1977 zina ofisi zao za kuratibu, na mzazi wa kawaida hajui kama aende kanisani au serikalini. Mwisho anakwenda nyumbani.

Wazazi wenzetu, na sisi tuna letu. Kumwambia mwalimu "mupige tu, nimekuruhusu" si ushirikiano. Na shule isituite kufyeka majani na kubeba mchanga halafu iseme imeshirikisha wazazi. Tutafyeka, lakini hilo liitwe jina lake.

Mama Inspekta, tunaomba matatu. Saa za mikutano ya madarasa zihesabiwe kuwa kazi ya mwalimu unapokagua ratiba yake, maana leo anazitoa kwenye chakula chake. Matangazo yote ya shule yaandikwe kwa Kiswahili kando ya Kifaransa, pamoja na karatasi moja inayoeleza buletini: periodi ni nini, mtihani ni nini, na safu ya maksima inamaanisha nini, ili mzazi ajue kwamba 14 ni nzuri juu ya 20 na ni mbaya juu ya 40. La tatu, unapotembelea darasa, uliza daftari la mikutano ya wazazi kabla ya kuuliza maandalizi ya somo.

Kaye ya tatu ina sahihi tatu tu tangu Septemba, herufi zimepinda, na chini ya moja mzazi ameandika kwa Kiswahili: "Hapa hakuelewa, nami pia sijui." Mwalimu amejibu chini yake. Tunaomba uisome hiyo kwa sauti, watoto wasikie.

Asante sana.

Ni sisi, komite ya wazazi na walimu,
Katuba, Lubumbashi