Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Simu Saba na Hakuna Hata Wimbo Mmoja wa Tabora

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wapenzi wa muziki hapa Tabora, mwangaluka.

Katiba inanitaka nisome taarifa hii kabla ya chakula, na katibu ameshanionya kwamba pilau ikipoa lawama ni yangu. Kwa hiyo mambo ya mahudhurio na ada sitayagusa. Yamo kwenye karatasi mlizogawiwa mlangoni. Wenye madeni wanajijua, na mwekahazina anawajua zaidi.

Nianze na Unguja, maana ndiyo safari iliyokula fedha nyingi na ndiyo iliyozaa maneno. Tuliondoka watu saba alfajiri ya Alhamisi. Hesabu yetu ilikuwa tuwahi treni ya umeme ya jioni pale Dodoma, tulale Dar es Salaam, Ijumaa asubuhi tupande boti na kuyakuta maandamano ya ufunguzi wa Sauti za Busara, tamasha la muziki la kila mwaka. Basi, ambalo silitaji jina kwa kuwa huenda tukalipanda tena, likafa kabla ya Manyoni. Tukashinda chini ya mti tunakula karanga. Dodoma tuliingia usiku wa manane, treni imekwenda zake. Maandamano tukaja kuyasikia kwa simulizi tu.

Lakini usiku uliofuata, tulipoingia Ngome Kongwe kwenye tamasha lenyewe, uchovu wote ulitutoka. Wale ambao hawajafika niwaeleze: pale msanii hapandi jukwaani na muziki uliorekodiwa akawa anafungua mdomo juu yake. Kila kinachosikika kinapigwa palepale, gitaa ni gitaa na ngoma ni ngoma, na anayekosea anakosea mbele yetu. Ndiyo sharti la tamasha lile, na kwa maoni yangu ndiyo sababu ya kulifuata mbali hivi. Kiingilio cha Mtanzania nacho ni nafuu kuliko cha mgeni. Na wale wanaonong'ona kwamba chama chetu kinayumba wakumbuke kuwa hata tamasha hilo, lililoanza 2004, mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Mwaka uliofuata likarudi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Usiku wa pili tulikuwa kwenye bustani ya Forodhani tunakula mishikaki. Akaja bwana mmoja wa Mombasa, mtu wa makamo, akatuuliza tumetoka wapi. Tukasema Tabora, kwa kujidai kabisa. Yule bwana akaweka sahani chini akaanza kuimba. Akaimba nyimbo za Tabora Jazz, bendi yetu ya zamani, ubeti kwa ubeti, na kila akifika kwenye gitaa anaimba na gitaa pia. Marehemu baba yake alikuwa na santuri. Kisha akatuomba, kwa adabu tu, bendi nyingine ya Tabora: "Nyinyi wenyewe, hebu nifungulieni Kiko Kids kidogo."

Wapenzi wa muziki saba, simu saba. Mimi nilikuwa na Mali, Senegali na Kongo nzima humo ndani. Mwenzangu alikuwa na Cuba. Cha Tabora hakuna. Mmoja wetu, simtaji lakini anacheka pale nyuma, alijitetea kuwa bando limekwisha.

Nimeifikiria aibu ile mwaka mzima. Mji huu umewahi kuwa na Kiko Kids ya Salim Zahoro, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Hata Western Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959, ilibeba jina la Magharibi kwa sababu mwanzilishi wake, Iddi Nhende, alikuwa mtu wa Nzega. Na gitaa la Rashid Hanzuruni lililoipamba lilitoka hapahapa kwetu. Enzi hizo kila bendi ilikuwa na mtindo wake, ukisikia tu unajua nani anapiga: Western walikuwa na Saboso, NUTA, bendi ya chama cha wafanyakazi, walikuwa na Msondo, Atomic wa Tanga walikuwa na Kiweke, na sisi, kwa Tabora Jazz, tulikuwa na Segere Matata. Ndugu zetu wa Kigoma hawachoki kutukumbusha kwamba mwanamuziki Shem Karenga, aliyeing'arisha Segere Matata, ni mtoto wao aliyepanda treni kuja kwetu. Sawa, tunakubali. Nasi tunawakumbusha kwamba alishuka.

Mbona basi mtu wa Mombasa anazo na sisi hatuna? Sababu moja ni kwamba nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri, na nyingi zilifyatuliwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 na mpaka ukafungwa, njia hiyo ikaziba. Bendi zikabaki kurekodi Radio Tanzania, sauti zikakaa kwenye kanda za redio, na sisi wasikilizaji tukazinasa kwa kaseti sebuleni, huku jogoo akiwika katikati ya wimbo. Sababu ya pili ni uzembe wetu, na hiyo haihitaji historia.

Bagamoyo walikwenda watatu tu, kwenye tamasha la chuo cha sanaa ambalo lilianza 1982. Wamerudi na picha nzuri na mgonjwa mmoja wa malaria, ambaye amepona. Wazee wao walikwenda pwani kwa miguu na pembe za ndovu begani, miezi na miezi; hawa wamelalamikia kiti cha basi.

Hapa nyumbani tulifanya mambo mawili. La kwanza ni usiku wa zilipendwa, na ninaomba radhi kwa niaba ya kamati. Tulikodi spika za bei ya chini, mimi ndiye niliyeshikilia bei ya chini, na besi lilikuwa linakoroma tangu wimbo wa kwanza. Umeme ulipokatika, jenereta liliwaka likazima. Hapo ndipo kikundi cha ngoma kutoka Uyui, tuliokuwa tumewapangia dakika kumi za kufungulia shughuli, walipoingia tena uwanjani bila kuombwa na bila kuhitaji mtambo wowote. Walicheza manyanga, ngoma yetu ya Kinyamwezi, mpaka saa sita. Watu walioondoka na kinyongo waliondoka mapema mno.

La pili ni jioni ya kuwasikiliza Zawose Queens, Pendo na Leah, binti na mjukuu wa Hukwe Zawose, yule mwanamuziki mashuhuri wa Kigogo. Albamu yao ilitolewa 2024 na Real World, kampuni ileile ya Uingereza iliyotoa kazi za mzee mwenyewe. Kina mama wa chama hiki walizungumza kuliko wote jioni ile, kwa sababu kwa desturi ya Wagogo ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze vilikuwa mikononi mwa wanaume, wanawake wakibaki na ngoma na sauti. Mama mmoja wetu alisimama akasema bibi yake alijua kupiga ndono, ala ya upinde na kibuyu, na alikuwa akipiga jikoni, mlango umefungwa. Hakuna aliyewahi kumrekodi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipita Tanganyika na mitambo yake akarekodi, Wanyamwezi wakiwamo, na sauti hizo ziko Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki iliyopo Chuo Kikuu cha Rhodes. Bibi yule alikuwa nyuma ya mlango.

Kwa hiyo pendekezo la kamati ni hili. Mwaka ujao chama kilipie watu wawili tu kwenda Unguja, kwa kura, na atakayetaka kuongozana nao ajilipie. Fedha inayobaki tununue kinasa sauti kizuri, na kila mwezi tumtembelee mzee mmoja au bibi mmoja aliyepiga, aliyeimba au aliyecheza, kuanzia Ng'ambo na Isevya hapa mjini, kisha Sikonge na Urambo. Nakiri kamati haikukubaliana yote. Makamu wangu anasema chama cha wapenzi wa muziki kisichosafiri kitageuka chama cha mazishi, na hoja yake ataitoa mwenyewe baada ya chakula. Msikilizeni vizuri, mimi mwenyewe nusu yangu inamuunga mkono.

Wakati tunasubiri kura, kaseti. Kila mtu anayo boksi chini ya kitanda au juu ya kabati. Mleteeni katibu, na juu ya kila moja andikeni jina la mwenye nayo na mnachokumbuka, hata kama ni "harusi ya shangazi, bendi siijui". Zilizoota ukungu msizicheze kwanza, zitakatika na kuchafua mashine. Na tafadhali msizisafishe kwa mafuta ya taa. Kuna mmoja wetu ameshajaribu.