Mrija upi, bomba lipi?

Mhariri,

Katika kurasa za afya na za magari, magazeti yetu yana mazoea ya kuita mrija au bomba kila kitu chenye uwazi ndani kinachopitisha kitu kingine. Kiswahili hakikupungukiwa maneno hapo. Uvivu ni wa kalamu, na anayeumia ni msomaji.

Tazama sentensi hii ya kawaida: "Jiwe limekwama kwenye mrija wa mkojo." Mrija upi? Ipo mirija miwili inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni, kila mmoja una sentimita 25 hadi 30. Kisha kuna mmoja unaoutoa mkojo nje, ambao kwa mwanamke ni kama sentimita 4 tu na kwa mwanamume hukaribia 20. Jiwe likikwama huko juu, maumivu huanzia ubavuni, hushuka kinenani, huja na kuondoka. Likikwama huku chini, mkojo hukatika au hutoka kwa matone. Na zile sentimita 4 ni sababu kubwa ya wanawake kupata maambukizi ya kibofu mara nyingi kuliko wanaume, kwani vijidudu vina safari fupi. Mwandishi aliyeipa mirija yote jina moja ataelezaje haya? Napendekeza ile ya juu iitwe "mirija ya figo" na wa chini "mrija wa kutolea mkojo." "Njia ya mkojo" ibaki jina la mfumo mzima, kama inavyotumika hospitalini. Kile anachowekewa mgonjwa asiyeweza kukojoa, wauguzi na wagonjwa wote hukiita "mpira wa mkojo". Sioni haja ya kukitafutia jina la kigeni.

Koo nalo linaonewa. Nyuma ya neno hilo moja kuna njia mbili zilizosimama bega kwa bega. Ya mbele ni koo la hewa, urefu wake sentimita 10 hadi 12, nayo hubaki wazi muda wote kwa sababu imeshikiliwa na pete 16 hadi 20 za gegedu, yaani mfupa laini kama wa sikio, ambazo hazikufungana kwa nyuma. Ya nyuma ni umio, kama sentimita 25, laini, hulala bapa mpaka tonge lipite. Gazeti likiandika "nyama ilimkwama kooni", msomaji hajui afanye nini. Aliyezibwa koo la hewa hawezi kusema wala kukohoa. Huyo, kama ni mtu mzima, hupigwa mara tano kwa kiganja katikati ya mabega, na asipopata nafuu hubanwa tumbo juu ya kitovu mara tano, kwa kupokezana, huku msaada ukiitwa. Aliyekwamwa kwenye umio anapumua na anasema, ila hamezi hata mate, huyo apelekwe hospitali, na asisukumiwe ugali ili "kuteremsha." Lugha ina hata kitenzi cha kitu kilichopotea njia kikaelekea kwenye hewa: kupaliwa. Ni nadra kukisoma gazetini.

Mshipa nitauacha upesi. Mshipa wa damu ni mrija kweli. Mshipa wa fahamu hauna uwazi wowote wa kupitisha kitu, na afadhali uitwe neva. Ukiongeza kwamba wapo wanaoita ngiri mshipa, "amepasuliwa mshipa" inaweza kuwa habari tatu.

Bomba tulilipata kwa Wareno, na kwao ni chombo cha kusukuma. Maana hiyo bado ipo katika bomba la sindano na bomba la kupulizia dawa shambani, vyote vikiwa na kitu kinachosukuma ndani. Baadaye neno likahamia kwenye njia yenyewe, na kazi ya kusukuma ikachukuliwa na pampu. Kwa hiyo bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, lina vituo sita vya pampu, na hakuna anayechanganyikiwa. Anayechanganyikiwa ni mwenye gari anayesoma "bomba la mafuta likiharibika gari huzima." Paipu ikipasuka, mafuta huvuja na harufu husikika. Pampu ikifa, huenda pasiwe na tone chini wala harufu, ila injini haipati mafuta. Gharama zake hazifanani hata kidogo, na fundi asiye mwaminifu anaujua mkanganyiko huo vizuri.

Hata mwanzi, unaotupa jina la mianzi ya pua, haupitishi maji mpaka vifundo vya ndani vitobolewe. Waliofikisha maji vijijini kwa mianzi huko Iringa miaka ya 1970 na 1980 waliuzungushia waya usipasuke kwa presha, kisha wakapambana na mchwa.

Limebaki la mfereji. Tanzania Bara, mfereji ni mtaro wa kupitisha maji, mara nyingi machafu. Unguja na Mombasa, mfereji ni bomba la maji safi. Kichwa cha habari "Wanafunzi wanywa maji ya mfereji" kitamkasirisha mzazi wa Mwanza, na mzazi wa Unguja atajiuliza habari iko wapi. Gazeti lako linasomwa pande zote mbili, Mhariri, andikeni "mtaro" au "bomba."

Mfasiri wa matini za afya,
Tanga