Usitume hela kwanza

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wanao. Naandika mbio maana Zaina kaniambia leo unatuma hela, mama akachukuliwe mashine ya sikio kule dukani. Tafadhali ngoja.

Nyingi za hizo zinazouzwa bila kipimo hukuza kila kitu sawasawa: feni, sahani, bodaboda. Na wewe mwenyewe umesema mama ukimwita anageuka, ila maneno hayashiki. Basi huenda zimempungua sauti nyembamba. Irabu anazipata, zinazompotea ni s, f, sh, t. Unasema "shika", yeye kasikia "pika". Ukipaza sauti unazidisha irabu tu, naye anaona anafokewa.

Aanze kwa kuchunguzwa sikio. Likiwa limezibwa na nta, ikitolewa pengine shida ikaishia hapo. Halafu apimwe kwenye chumba kimya, sikio moja moja, nawe uombe ule mchoro wa majibu. Sikio moja likiwa limeshuka kuliko jingine, aonwe na daktari wa masikio kabla ya mashine. Likizima ghafla, mpelekeni siku hiyohiyo.

Lakini mchoro haumwamulii. Wawili ambao wote wanaanza kusikia kwenye desibeli 40 (kipimo cha ukubwa wa sauti) hawaishi sawa: mmoja anashinda peke yake, mwenzake yuko sokoni anabishana bei. Muulize mama mwenyewe anakosa nini. Mawaidha msikitini? Simu ya wajukuu? Ataje matatu, uyaandike. Akishavaa mwezi mmoja, mrudie hayo matatu. Akisema hataki, mwache, umuulize tena baadaye. Inaniuma kuona mashine nzuri zinalala kabatini kwa sababu watoto ndio walioamua.

Na vidole vyake, Mwanaidi! Umesema kifungo cha blauzi kinamshinda. Betri namba 10 ni ndogo kuliko hicho kifungo. Omba mashine ya nyuma ya sikio yenye betri namba 13, ile ya kibandiko cha rangi ya chungwa, au ya kuchaji. Kibandiko kikishabanduliwa, betri iachwe wazi dakika moja au mbili ivute hewa ndipo ifungiwe ndani. Kukirudisha hakuiokoi, itaisha tu. Usiku afungue kile kimlango cha betri, na mashine ilale kwenye kopo lenye chembe za kukausha unyevu. Kwa jasho la Tanga, maji hujikusanya kwenye mrija unaopeleka sauti sikioni na sauti inakatika.

Ikipiga filimbi, mara nyingi kile kipande cha sikioni kinapwaya au hakijakaa sawa, au kuna nta. Siku za mwanzo sauti yake mwenyewe atahisi inatoka ndani ya pipa. Aanze na saa moja au mbili nyumbani kukiwa kimya, aongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Pipa likizidi, arudi wairekebishe. Kwa hiyo kabla hujalipa uliza: kurudi kurekebishiwa kumo kwenye bei? Akishindwa, inarudishwa?

Sasa nijibu haya. Simu anaiweka sikio lipi? Analalamika mlio kichwani? Zile sindano za kifua kikuu alichomwa miaka ile, zilikuwa streptomisini? Maana hiyo huharibu usikivu, na mpimaji aambiwe. Nani atampeleka, wewe au Hamisi? Na yeye mama, umeshamuuliza kama anataka?

Wako,
Saumu