Tuchangie Safari ya Finchale

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu waumini wa Misa ya Kiswahili, Jumamosi iliyo karibu na 21 Mei tunataka kuwapeleka watoto wa katekesi pamoja na wazee wetu Finchale, ukingoni mwa mto Wear, kama maili nne tu kutoka mji wetu wa Durham, kaskazini mwa Uingereza. Miaka yote hii tumekuwa majirani wa mahali pale, na wengi wetu hatujawahi kupakanyaga.

Huko ndiko alikoishi Mtakatifu Godric. Alianza maisha akiwa mchuuzi wa kutembeza bidhaa, akawa baharia, akahiji Yerusalemu, Roma na Compostela. Alikuja Durham akiwa mtu mzima, akapata kazi ya ubawabu na kupiga kengele katika kanisa la Mtakatifu Giles. Kisha akaenda kukaa na watoto kanisani, wanapofundishwa kusoma na kuimba zaburi, naye ajifunze. Mtu aliyekwisha kushika usukani wa meli, anafuatisha herufi na watoto wadogo! Akina mama mnaosoma Kiingereza jioni, huyu ni mwenzenu kabisa.

Mnamo 1110 hivi aliingia msituni Finchale, akawa mkaapweke kwa miaka ipatayo 60, hadi alipofariki 21 Mei 1170. Inasimuliwa kwamba usiku wa baridi alisimama mtoni akisali, maji yamemfika shingoni. Na alimwimbia Bikira Maria kwa Kiingereza cha watu wa kawaida, wakati kanisani ni Kilatini na mabwana wanasema Kifaransa. Hakuna nyimbo za Kiingereza za zamani kuliko zake ambazo muziki wake umesalia. Sisi tunaoimba kwa Kiswahili ugenini tunajua hilo lina uzito gani.

Mwaka 1196 Wabenedikto walianzisha monasteri palepale, wakifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ileile ya wenzao wa Peramiho na Ndanda kule Tanzania. Mfalme Henry VIII alizifunga monasteri katika miaka ya 1530. Leo kuta zimesimama bila paa, na kati yake, chini kabisa, msalaba unaonyesha alipozikwa Godric.

Tunahitaji kukodi basi, kupika chakula, na kuchapa kijitabu cha Kiswahili ili watoto wasome historia hii wakiwa palepale. Wazee na watoto hawatalipa. Kila familia yenye uwezo tunaiomba pauni 20; asiyeweza, alete chapati au maandazi ya njiani, au ajitolee kuwasukuma wazee wenye viti vya magurudumu. Mweka hazina atakuwa mlangoni kila Jumapili baada ya Misa, na daftari la majina liko mezani kwake.